Geji, Kipimo na Kiungio: Mafunzo ya Istilahi kutoka Historia ya Vyombo vya Kupikia Pombe

1. Utangulizi

Neno refu la kitaalamu aghalabu halimsumbui mfasiri kwa muda mrefu. Hulitazama katika kamusi, akakuta lina maana moja, akaendelea na kazi yake. Linalomsumbua ni lile neno dogo ambalo kila fundi hulitumia na hakuna fundi anayelieleza. Maneno ya Kiingereza 'gauge' na 'fitting' ni ya jamii hiyo. Katika ukurasa mmoja wa maelekezo ya kiufundi 'gauge' laweza kutajwa mara tatu na kila mara likawa na maana nyingine, na mfasiri aliyekwisha kuandika "kipimo" mara ya kwanza hujikuta akiandika "kipimo" hadi mwisho, ilhali msomaji wake amepotea tangu mstari wa pili.

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno hayo mawili katika uwanja mmoja mdogo, nao ni utengenezaji wa vyombo vya kupikia bia ya shayiri nyumbani, kama ufanywavyo na watu wengi wa Uingereza na Marekani. Tumeuchagua uwanja huo kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake inafahamika vyema, hata twaweza kuona kila chombo cha kupimia kiliingia lini, kwa haja gani, na kikapewa jina gani. Pili, kazi yenyewe si ngeni kwetu. Lugha yetu ina kimea, machicha, hamira, chujio na mtungi tangu zamani. Hatusudii kumhimiza mtu yeyote apike pombe. Sheria za kila nchi zina lake la kusema katika jambo hilo. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba jina la chombo cha kupimia likikosewa, hasara yake haiishii katika kitabu. Humfikia mtu aliyesimama mbele ya chombo chenye maji ya moto.

2. Neno lililotoka ndani ya pipa

Maana ya kwanza ya 'gauge' inayotuhusu hapa ni ile ya kupima ujazo wa pipa. Pipa la mbao limevimba katikati na kusinyaa nchani, na kwa hiyo kujua limebeba kiasi gani si jambo jepesi. Mwaka 1613 mwanahesabu Johannes Kepler, alipokuwa akiishi mjini Linz, alinunua mvinyo kwa ajili ya arusi yake. Akamwona muuzaji akitumbukiza fimbo kwa mshazari kupitia tundu la pipa, akasoma alama iliyolowa na kutaja bei papo hapo. Kepler hakuridhika, kwani mapipa mawili yenye maumbo tofauti yangeweza kulowesha fimbo kwa urefu ule ule. Akalichunguza jambo hilo, na mwaka 1615 akatoa kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa ya mvinyo. Wataalamu wa hisabati hukihesabu kitabu hicho miongoni mwa vile vilivyotayarisha njia ya hesabu za kalkulasi.

Fimbo ile ilipendwa sana na serikali. Uingereza ilianza kutoza ushuru wa bidhaa za ndani, bia ikiwamo, mwaka 1643, na maofisa wa ushuru wakawa wakizunguka na fimbo zao kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ofisa wa namna hiyo aliitwa kwa Kiingereza kwa jina litokanalo na 'gauge', yaani mpimaji wa mapipa. Mshairi mashuhuri wa Uskoti, Robert Burns, alikuwa mmoja wao tangu mwaka 1789. Basi neno hili lilipoanza kuzoeleka katika biashara ya pombe halikuwa jina la saa yenye mshale. Lilikuwa jina la tendo, na tendo lenyewe lilikuwa la kutoza kodi.

Kutoka hapo neno lilitawanyika. Likawa jina la unene wa waya na bamba la chuma. Likawa jina la upana wa njia ya reli. Likawa jina la kila chombo chenye uso wa duara na mshale. Sisi nasi tumelipokea katika sura ya "geji", na hapa yafaa mfasiri awe mwangalifu, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kulipa neno hilo maana zake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiulizwa bati la geji 28 na bati la geji 30, anajua bila kufikiri kwamba la 30 ndilo jembamba zaidi. Muuguzi naye anajua kwamba sindano ya geji kubwa ndiyo nyembamba. Kinyume hicho kina historia yake: zamani waya ulivutwa kupitia matundu, tundu baada ya tundu, na kadiri ulivyovutwa mara nyingi ndivyo ulivyozidi kuwa mwembamba na ndivyo namba yake ilivyopanda. Kwa upande mwingine, mtu wa reli anaposema geji hakusudii unene hata kidogo. Anakusudia nafasi iliyo kati ya pau mbili, milimita 1,000 kwa reli ya zamani ya Afrika Mashariki, 1,067 kwa reli ya TAZARA, na 1,435 kwa reli mpya zilizojengwa Kenya na Tanzania katika karne hii.

Kwa hiyo "geji" ni neno halali la Kiswahili, lakini halitoshi peke yake. Linapotumika katika maelekezo ya kutengeneza sufuria kubwa, msomaji ana haki ya kuuliza: geji ya bamba, au geji ya mshale?

3. Mkono, uso na mvuke

Kabla ya kuendelea na vyombo yafaa tueleze kazi inayofanywa. Punje za shayiri huloweshwa zikachipua, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Ndani ya kimea mna wanga, na mna pia vimeng'enya viwezavyo kuugeuza wanga huo kuwa sukari. Kimea kilichopondwa hulowekwa katika maji ya moto kwa muda wa saa moja hivi, maji yale matamu huchujwa na kuachana na machicha, huchemshwa pamoja na maua ya hopsi, hupozwa, kisha hutiwa hamira.

Siri ya kazi yote imo katika joto la yale maji ya kwanza. Yakiwa karibu digrii 63 za Selsiasi, sukari ipatikanayo huliwa karibu yote na hamira, na bia huwa nyepesi na kavu. Yakiwa karibu digrii 68, sehemu kubwa zaidi ya utamu hubaki, na bia huwa nzito mdomoni. Yakipita digrii 80, vimeng'enya huharibika upesi na wanga hubaki kuwa wanga. Tofauti ya digrii tano tu, ambayo mkono wa mtu haiwezi kuitambua, hubadili kinywaji.

Hata hivyo watu walipika kwa karne nyingi bila chombo chochote cha kupimia joto. Mama anayetengeneza togwa katika mikoa ya kusini mwa Tanzania hupika uji kwanza, akaungoja upoe hadi mkono ustahimili, ndipo atie unga wa kimea. Akiutia ukingali unachemka, uji hubaki mzito na haupati utamu. Kanuni aifuatayo ni ile ile ya vimeng'enya, ijapokuwa yeye huisema kwa lugha ya mkono. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania waliuchunguza uwezo huo wa kimea wa kulainisha uji, wakauona una manufaa makubwa kwa chakula cha watoto wachanga.

Wapishi wa Uingereza nao walikuwa na lugha yao. Maji yaliyotoka kuchemka yaliachwa katika chombo hadi mvuke upungue na mpishi aweze kuona uso wake juu ya maji. Hapo alijua kwamba yamefaa kutiwa kimea. Tusikidharau kipimo cha namna hiyo. Lakini kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: hakikuweza kuandikwa na kupelekwa kwa mtu mwingine. Siku ya baridi mvuke huonekana zaidi, na siku ya joto huonekana kidogo. Uso ulioonekana Januari si uso ulioonekana Julai.

4. Kipimajoto

Gabriel Fahrenheit alitengeneza kipimajoto chake cha zebaki mwaka 1714, na Anders Celsius akatoa mpango wake wa digrii mia mwaka 1742. Ilichukua muda kabla ya vyombo hivyo kuingia katika viwanda vya pombe. Michael Combrune, mpishi wa bia wa London, alieleza matumizi ya kipimajoto katika maandishi yake ya mwaka 1758 na 1762. Wapishi wengi hawakupendezwa. Inasimuliwa kwamba kijana James Baverstock, wa kiwanda cha familia yake katika mji wa Alton, alilazimika kukitumia kipimajoto kwa siri ili baba yake asimwone, kwa kuwa mzee aliyahesabu mambo hayo kuwa ni upuuzi.

Jina la Kiswahili la chombo hiki, kipimajoto, limeenea na halina ubishi. Mwalimu wa fizikia anaweza kusema kwamba chombo hakipimi joto bali kinapima halijoto, na kwa sayansi yeye ndiye mwenye haki; tofauti ya mambo hayo mawili ilibainishwa na Joseph Black wa Uskoti katika karne ile ile ya 18. Lakini sisi hatuoni sababu ya kulibadili jina. Hakuna msomaji anayepotea kwa sababu yake, na istilahi isiyompoteza mtu haina haja ya kurekebishwa.

Mpishi wa nyumbani wa leo aghalabu hatumii kioo cha zebaki, bali kipimajoto cha mshale kinachofungwa ubavuni mwa chombo. Ndani ya mkia wake mna utepe wa metali mbili zilizoshikamanishwa. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, utepe hujipinda, na mshale huzunguka. Wazo la metali mbili ni la John Harrison, fundi wa saa wa karne ya 18. Kinachohisi joto ni mkia. Uso hauhisi kitu. Kama mkia ni mfupi mno, chombo hupima joto la kando ya ukuta wa sufuria, si la kimea kilichomo katikati, na mpishi akasoma digrii 63 ilhali katikati ni 68. Kwa hiyo maelekezo yanapotaja urefu wa mkia, mfasiri asiuruke urefu huo akidhani ni jambo la mapambo.

Kadhalika kila kipimajoto hupaswa kujaribiwa. Katika barafu inayoyeyuka kisome 0. Katika maji yanayochemka kisome 100, lakini hayo ni ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kati ya digrii 94 na 95. Mtu wa Nairobi akitafsiriwa maelekezo neno kwa neno, atageuza parafujo ya kipimajoto kizima mpaka kiseme uongo.

5. Chombo cha kuelea na jina lenye ahadi

Chombo cha pili kilichoibadili kazi hii ni haidromita, kile kichupa cha kioo chenye uzito chini, kinachoelea wima na kuzama zaidi katika maji mepesi kuliko katika maji mazito. Baverstock alianza majaribio yake mwishoni mwa miaka ya 1760. Samuel Whitbread, mmoja wa wapishi wakubwa wa London, hakumtia moyo. Henry Thrale wa Southwark ndiye aliyemsikiliza. Wakati Baverstock anatoa kitabu chake mwaka 1785, John Richardson wa mji wa Hull alikuwa amekwisha kumtangulia kwa kitabu cha mwaka 1784. Richardson alipima kwa ratili: pipa la maji ya kimea limezidi kwa ratili ngapi uzito wa pipa la maji matupu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kwa miaka mingi porta, bia nyeusi ya London, ilipikwa kwa kimea cha rangi ya kahawia kwa sababu kilikuwa rahisi. Haidromita ikaonyesha kwamba kimea cheupe, ijapokuwa ni ghali, hutoa utamu mwingi zaidi kwa kila kipimo, hata bei yake hurudi na faida. Wapishi wakahamia kimea cheupe, bia ikapoteza rangi, na ikawa lazima kutafuta njia nyingine ya kuitia weusi. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya kukaanga kimea hadi kiwe cheusi kama buni iliyokaangwa. Kinywaji kilikuwa kimebadilika kutoka ndani. Jina porta likabaki lile lile. Mfasiri anayesoma maandishi ya mwaka 1750 na ya mwaka 1850 hana budi kujua kwamba anasoma jina moja la vitu viwili.

Richardson alikipa chombo chake jina lenye maana ya "kipimasukari", na hapo ndipo fundisho letu kubwa lilipo. Chombo hakipimi sukari. Kinapima uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa maji matupu ya ujazo ule ule. Maadamu hamira haijatiwa, jina halidhuru, kwa kuwa karibu uzito wote uliozidi umetokana na sukari. Lakini kazi ya hamira ikianza, pombe inaingia, nayo ni nyepesi kuliko maji, hivyo chombo huzama zaidi na kuonyesha kwamba sukari iliyobaki ni ndogo kuliko ilivyo kwa hakika. Karl Balling wa Prague, aliyetoa mizani yake mwaka 1843, ndiye aliyewafundisha wapishi kutenganisha upungufu unaoonekana na upungufu wa kweli. Hesabu hizo zisingehitaji maelezo mengi kama jina lisingetoa ahadi ambayo chombo hakiwezi kuitimiza.

Kwetu sisi ubaya wa jina hilo ni wa pili pia. Kipimasukari, kwa msomaji wa Kiswahili wa leo, ni kile chombo cha mgonjwa wa kisukari kinachopima tone la damu. Kipimapresha nacho ni cha hospitali, kwa maana presha kwetu imekwisha kuwa jina la ugonjwa; tunasema fulani ana presha. Mfasiri akiyatumia majina hayo mawili katika maelekezo ya pombe, atakuwa amemtuma msomaji zahanati.

Haidromita iliingia pia katika sheria. Mwaka 1880 William Gladstone aliifuta kodi ya kimea nchini Uingereza na kuweka mahali pake kodi ya bia kwa kufuata uzito wa maji ya kimea kabla ya kutiwa hamira, kipimo cha kawaida kikiwa 1057 pale ambapo maji matupu ni 1000. Tangu hapo namba iliyosomwa kwenye kioo ikawa fedha.

6. Kimea kitupu

Sheria hiyo ya 1880 iliwataka hata wapikao nyumbani wawe na leseni. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 1963. Marekani ilichukua muda mrefu zaidi. Marufuku ya pombe iliyoanza mwaka 1920 iliondolewa mwaka 1933, lakini bia ya nyumbani haikuhalalishwa katika sheria ya taifa mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya Oktoba 1978, iliyoanza kutumika Februari 1979. Kila mtu mzima aliruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, yaani karibu lita 378, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200.

Wengi wa wapishi hao wapya hawakuanza na kimea chenyewe. Walinunua makopo ya shira ya kimea iliyokwisha kutayarishwa kiwandani, wakaichemsha na kutia hamira. Baadaye, walipotaka kuanza na punje, walihitaji jina la kuitenga njia hiyo, wakaiita kwa Kiingereza njia ya nafaka yote. Jina hilo lingemshangaza Baverstock, kwa kuwa kwake hapakuwa na njia nyingine. Sisi tunaijua vizuri hali hiyo. Kuku alikuwa kuku tu mpaka alipokuja kuku wa kisasa, ndipo akawa kuku wa kienyeji. Na simu ilikuwa simu mpaka ilipokuja ya mkononi, ndipo ile ya kwanza ikawa simu ya mezani. Kwa njia hii tunapendekeza "upikaji wa kimea kitupu", kwa mfano wa maji matupu, ili ieleweke kwamba shira haimo.

Vyombo vyenyewe kwa kawaida ni vitatu: cha maji ya moto, cha kulowekea kimea, na cha kuchemshia. Wengi hutumia mapipa ya bia ya chuma kisichoshika kutu. La Marekani lina galoni 15.5, karibu lita 58.7. Juu ya vyombo hivyo hufungwa vipimo vya aina tatu, na vyote vitatu fundi wa Kiingereza huviita 'gauge'. Cha kwanza ni kipimajoto cha mshale tulichokieleza. Cha pili ni mrija wa kioo unaosimama nje ya chombo, maji yakipanda ndani yake sawa na yalivyo ndani ya chombo, na alama za lita zikiwa zimechorwa. Mrija huo una tabia moja: ukiunganishwa katika tundu lile lile la koki, usomaji wake hushuka mara koki inapofunguliwa, nao hausemi kweli mpaka maji yatulie. Cha tatu ni geji ya presha, iliyobuniwa na Eugène Bourdon wa Ufaransa mwaka 1849 kwa kutumia kibomba bapa kilichopindwa ambacho hujinyosha presha inapozidi. Hiyo huhusu pipa lililofungwa lenye bia iliyokwisha kuwa tayari na gesi yake. Sufuria ya kuchemshia haina kazi nayo, kwa sababu sufuria hiyo yapasa iwe wazi.

Hapa hatari ya neno moja inaonekana waziwazi. Geji ya presha na kipimajoto cha mshale vina uso wa namna moja: duara, namba na mshale. Mfasiri aliyeandika "funga geji ubavuni mwa chombo" ameacha mlango wazi kwa msomaji kununua ile ya presha, akadhani kwamba chombo kinatakiwa kufungwa ili presha isomeke. Chombo chenye lita 50 za maji yanayochemka, kikifungwa bila vali ya usalama, si sufuria tena.

7. Viungio na nusu inchi

Neno 'fitting' ni jepesi zaidi. Hukusanya vitu vyote vinavyounganisha bomba na bomba, au bomba na chombo: viwiko, soketi, nati, washa, vali. Kiswahili kina neno zuri la jumla, "kiungio", na wingi wake "viungio". Vali inayofungwa na kufunguliwa kwa mkono ina majina mengi kwetu. Wengine husema bilula, wengine mfereji, wengine bomba, wengine koki. Katika maandishi ya kiufundi tunaona afadhali "koki", kwa kuwa bomba na mfereji yana kazi nyingine.

Tatizo halipo katika jina la kiungio bali katika namba yake. Maelekezo ya Kimarekani karibu yote hutaka tundu la koki na la kipimajoto liwe la "nusu inchi". Mtu akilipima bomba hilo kwa rula hataiona nusu inchi mahali popote. Kwa nje lina milimita 21.3, na kwa ndani, kama ni bomba la unene wa kawaida, ni karibu milimita 15.8. Nusu inchi ulikuwa upana wa ndani wa mabomba ya zamani yaliyokuwa mazito zaidi. Kuta zikapungua unene, upana wa nje ukabakizwa ili viungio viendelee kukubaliana, na jina likabaki. Ni porta kwa mara ya pili.

Zaidi ya hayo kuna nusu inchi mbili. Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza mwaka 1841 hesi, yaani ile mistari inayozunguka kama ya parafujo, yenye pembe ya digrii 55. William Sellers wa Philadelphia akapendekeza mwaka 1864 pembe ya digrii 60. Hesi za mabomba za Uingereza zilifuata njia ya kwanza, na za Marekani, zilizowekwa katika kanuni mwaka 1886 kutokana na kazi ya Robert Briggs, zikafuata ya pili. Katika nusu inchi nchi zote mbili zina hesi 14 kwa kila inchi, na hapo ndipo mtego ulipo. Kiungio cha Kimarekani na cha Kiingereza hukubali kuingiana kwa mizunguko michache, fundi akadhani vimepatana. Kisha hukaza kabla ya wakati, au huvuja, kwa sababu upana haulingani sawasawa na pembe hazilingani kabisa. Tepu nyeupe ya fundi bomba inaweza kuficha kosa hilo katika maji baridi. Katika maji ya moto kosa hujitokeza.

Afrika Mashariki ilirithi mabomba ya Kiingereza. Kiungio kinachouzwa madukani kwetu kwa kawaida ni cha hesi ya Kiingereza, ambayo huandikwa BSP. Maelekezo ya Kimarekani hukusudia NPT. Herufi hizo tatu mfasiri mwenye haraka huziacha, akiona hazina Kiswahili. Kumbe ndizo zinazobeba maana. "Nusu inchi" peke yake haimwambii fundi anunue nini.

8. Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunatoa mapendekezo yafuatayo ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika maelekezo wayajadili:

Geji ya bamba: namba inayoonyesha unene wa bamba au bati, kadiri namba inavyopanda ndivyo unene unavyopungua. Milimita ziandikwe pamoja nayo kila inapowezekana.

Kipimajoto cha mshale: kipimajoto chenye uso wa duara na mkia. Urefu wa mkia utajwe daima.

Geji ya presha: chombo cha kusomea presha ya gesi au maji ndani ya chombo kilichofungwa. Walimu wa fizikia wanaotumia neno kanieneo waendelee nalo darasani; "kipimapresha" kiachiwe hospitali.

Mrija wa ujazo: mrija wa kioo wa nje unaoonyesha kina cha maji yaliyomo.

Haidromita: kichupa cha kuelea kinachopima uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na wa maji matupu. Jina "kipimasukari" lisitumike kwa chombo hiki.

Shira ya kimea. Upikaji wa kimea kitupu: kama tulivyoeleza katika sehemu ya 6.

Kiungio, koki, hesi: kama tulivyoeleza katika sehemu ya 7. Ukubwa wa kiungio usiandikwe bila aina ya hesi yake.

Katika mapendekezo hayo hatukufuata kanuni moja tu. Geji, vali na koki ni maneno ya mafundi, nasi tumeyapokea kwa sababu mafundi wanaelewana kwayo. Tulichofanya ni kuyawekea mpaka kwa neno moja la nyongeza. Kipimajoto tumekiacha kilivyo, ijapokuwa si sahihi kwa mizani ya sayansi, kwa sababu hakimdanganyi mtu. Kipimasukari tumekikataa, ijapokuwa ni tafsiri sahihi ya jina la asili, kwa sababu kinadanganya mara mbili. Swali tulilojiuliza kila mara ni hili: fundi akisoma neno hili peke yake, bila sisi kuwapo, atachukua kifaa kipi mkononi? Tunaamini kwamba istilahi nyingine nyingi za ufundi, za mabomba ya maji ya vijijini, za mitambo ya maziwa na za mashine za mahindi, zinangoja kuulizwa swali hilo hilo, na tungefurahi kama wasomaji wanaofanya kazi katika viwanja hivyo wangeyaleta majina yanayotumika huko ili yapimwe.